Picha ya Soraya Iliyokaa Juu ya Yote

Soraya Amuri alifika Kabambare Jumanne saa kumi alasiri, amelowa matope mpaka kiunoni. Barabara ikiwa kavu, kutoka Kasongo mpaka kwetu ni siku moja kwa pikipiki. Yeye alitumia siku mbili, na mara tatu walilazimika kuibeba pikipiki badala ya kubebwa nayo. Mgongoni alikuwa na kompyuta yake ya kukunja, ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, na kitenge juu yake. Nilimpa maji. Kabla hajayanywa aliniuliza, "Papa Jean, foni yenu inafunguliwa saa ngapi?"

Foni ndiyo kazi yangu. Ni redio ya mawasiliano yenye waya mrefu uliotandazwa kati ya nguzo mbili, ambayo watu wa misheni, wa zahanati na wafanyabiashara huitumia pale simu zinaposhindwa. Wiki ile simu zilikuwa zimeshindwa. Mnara haukuwa na mafuta. Ninafungua saa mbili asubuhi na saa nane mchana, na kila ujumbe ninauandika pamoja na saa yake. Kwa hiyo yaliyotokea Jumatano sikuyatoa kichwani peke yake. Niliyaandika yakitokea.

Nilimjua Soraya tangu zamani. Ni mtoto wa familia ya Kiislamu ya mjini Kasongo. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa saa na redio, na alinitengenezea foni hii mara mbili. Soraya ana miaka thelathini na minne. Baada ya sekondari alisoma kompyuta mwaka mmoja Bukavu, baba akaugua, masomo yakakatika. Akarudi akafungua chumba karibu na soko, anawapigia watu barua, anachapa picha za vitambulisho, anafufua kompyuta zilizokufa. Kuandika programu alijifunza mwenyewe, kwa masomo aliyonakili kwenye flashi na kuyasoma kamusi ikiwa pajani.

Ana namna yake ya kufanya kazi. Kabla hajaandika lolote, anamwomba mwenye kazi aifanye mbele yake. Yeye anakaa nyuma, hasemi, ameshika kalamu. Mkono wa mtu unaposimama, anaandika. Mtu anapoguna, anaandika. Jioni anakwenda nyumbani na karatasi zilizojaa miguno ya watu.

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa hospitali moja ya Kasongo iliyomwomba daftari la watoa damu ndani ya kompyuta: jina, kundi la damu, mtaa, siku ya mwisho mtu alipotoa. Zamani majina hayo yalikuwa katika madaftari kumi na mawili, na kumtafuta mtu mmoja kulichukua nusu siku. Damu haingoji nusu siku.

Programu ilifanya kazi, lakini kompyuta ya hospitali ilikuwa nzee. Ukiifungua programu, inakaa karibu dakika mbili inakusanya majina, na wakati huo wote huoni kitu kwenye kioo. Mwenye kuitumia alikuwa Mama Aurélie, muuguzi wa maabara, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwangalifu sana. Alibonyeza, kimya. Akabonyeza tena. Siku moja aliifungua programu mara tisa bila kujua, zikawa programu tisa zinagombania daftari moja, mashine ikaganda, naye akachomoa waya ukutani. Daftari likavunjika. Walirudia kuandika majina mia sita, na kazi hiyo iliwachukua wiki tatu.

Soraya hakumlaumu. Alikaa nyuma ya Mama Aurélie na saa mkononi.

"Sekunde kumi na moja, Papa Jean," aliniambia jioni ile ya Jumanne, tukiwa tunakula. "Mama anabonyeza, anangoja sekunde kumi na moja, mkono unarudi. Nilimpima mara nyingi, ni kumi na moja tu. Ukipiga hodi kwa watu wasiitikie, si utapiga tena? Lakini mtu akikujibu toka ndani, 'Ngoja kidogo,' utangoja hata nusu saa."

Kwa hiyo alitengeneza picha ya kungojea. Ni picha ndogo, nyepesi, inayotokea katikati ya kioo mara tu mtu anapobonyeza, kabla programu haijabeba kitu chochote kizito. Inamwambia mtu kwamba amesikika.

Picha ya kwanza aliyoiweka ilimletea aibu. Alichukua sura ya Papa Christophe, muuguzi wa zamani aliyeanzisha kazi ya damu hospitalini na sasa amestaafu kwao Lusangi. Aliiweka katika fremu nyeusi, jina chini yake, na chini ya jina mwaka alioanza kazi na mwaka alioacha. Asubuhi ya kwanza Mama Aurélie alifungua mashine, akaona fremu nyeusi, jina na miaka miwili, akapiga kelele. Kufika saa sita maabara ilikuwa imechanga, na watu wawili wamepanda pikipiki kwenda Lusangi na jogoo na gunia la mchele. Walimkuta marehemu anapalilia mihogo.

"Soraya," Papa Christophe alimwambia alipokuja mwenyewe mjini, "umeniua bila hata kunipa nafasi ya kuugua. Jogoo sirudishi."

Baada ya hapo ikawa tone la damu tu, jekundu, na maneno "Tafadhali ngoja".

Mwanzoni picha ilijiondoa yenyewe baada ya sekunde tano. Haikufaa, maana programu ilikuwa haijawa tayari. Mlango ulifunguka na ndani hamna mtu. Akabadilisha, picha isitazame saa, iondolewe na programu yenyewe ikishamaliza kila kitu. Akaongeza mstari mdogo chini ya tone unaosema kazi imefika wapi: ninafungua, ninakagua daftari, ninahesabu majina. Halafu akagundua kwamba Mama Aurélie, akingoja, anafungua mchezo wa karata, karata zinaifunika picha, na mama anasahau kama aliwahi kubonyeza. Basi Soraya akaiamuru picha ikae juu ya madirisha yote, isifunikwe na kitu. Na ukutani akabandika karatasi kwa herufi kubwa: PICHA IKIWA BADO IKO, USIGUSE KITU.

Alikuja kwetu Kabambare kuiweka programu hiyohiyo katika zahanati ya jirani.

Jumatano, saa nane kamili, nilifungua foni. Kasongo alikuwa tayari hewani. Mtu wa foni kule, ndani ya hospitali, ni Aristote, kijana wa maneno mengi, ambaye kila siku huanza kwa kuniuliza kama kipara changu kimepata mpangaji. Siku ile hakuuliza.

"Kabambare, Kabambare, hapa Kasongo. Papa Jean, kama uko hapo unijibu."

"Niko, Aristote. Sema."

"Dada Soraya iko kwenu?"

"Iko zahanati, hapa nyuma."

"Mumuite mbio. Programu yake imefunga mulango, na mutu anakufa."

Nilitoka nje nikaita. Alikuja anakimbia, kompyuta kifuani, kiatu kimoja mguuni. Nikampa kinasa sauti, kile cha kusemea kwenye foni.

"Aristote, ni Soraya. Niambie."

"Dada, kuna mama mumoja, Emmanuella. Amezaa saa sita na nusu. Mutoto muzima. Mama anatoka damu, haikatiki. Daktari amemushika, anamutia maji ya mushipa, lakini anasema bila damu hafiki jioni. Kundi lake ni O négatif. Friji haina hata mufuko moja."

"Damu nyingine?"

"Hapana. Uzazi wa kwanza walimutia damu isiyo yake, mwili wake ukakataa. Daktari anasema tukirudia tutamuua wenyewe. Kwenye daftari tuko na O négatif wawili tu. Tuliwaandika mwezi uliopita, ile siku ya watoa damu sokoni, moja kwa moja ndani ya masini. Fomu zimekwenda Kindu. Hakuna mutu anakumbuka majina."

"Na daftari?"

"Halifunguki. Tone iko tu. Chini imeandikwa 'Ninakagua daftari'."

"Tangu saa ngapi?"

Nilisikia Aristote akiuliza mtu; kompyuta ilikuwa katika chumba kinachofuata, mlango wazi.

"Mama Aurélie anasema tangu saa saba na dakika kumi."

Nilitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika nne. Dakika hamsini na nne.

"Hakuita mtu?" Soraya aliuliza.

"Ameniita sasa hivi. Anasema karatasi ya ukutani inasema kungoja."

Soraya alishusha kinasa sauti. Aliniambia mimi, si redio: "Hapo kwenye kukagua niliweka maswali mawili."

Nikamwambia anieleze, kwa sababu kama sielewi siwezi kusaidia. Alinieleza haraka. Programu ikifika kwenye kukagua, inaweza kusimama na kumuuliza mtu. Swali la kwanza linatoka tarehe ya mashine ikiwa imerudi nyuma: niendelee? Swali la pili linatoka kama daftari halikufungwa vizuri mara ya mwisho: nirudishe nakala ya zamani? Katika yote mawili jibu la "Ya", yaani ndiyo, ndilo limetayarishwa, na mtu akibonyeza kitufe cha Entrée amesema Ya. Kama ni la tarehe, hakuna hasara. Kama ni la nakala, nakala ya zamani italalia daftari la sasa. Nakala ilifanywa mwezi wa tatu. Watu wa sokoni waliandikwa mwezi wa nne.

"Majina yale mawili yatafutika," alisema, "na hata mimi sitaweza kuyarudisha."

"Swali lenyewe liko wapi?"

"Nyuma ya picha. Niliiambia ikae juu ya kila kitu. Programu inamngoja Mama Aurélie ajibu, Mama Aurélie anaingoja programu."

Redio ililia. "Dada," alisema Aristote, "nibonyeze Entrée tu? Masini zote zinapenda Entrée."

"Usiguse! Aristote, toa mkono wako hapo!"

"Mukono iko kwenye foni, dada. Ni kinywa tu kimefika huko."

"Kirudishe."

"Tuizime basi, tuiwashe tena?"

"Daftari liko wazi ndani yake. Unakumbuka mlipochomoa waya? Hapana. Mnipe dakika tano. Mtu yeyote asiguse."

Hapo sauti nyingine iliingia, nzito, karibu kabisa: "Kabambare, hapa Salamabila, duka la Iliasi. Ninyi munaongea masini, masini, na mimi niko na pikipiki mbili zimekwama kwenye daraja na bidhaa yote inanyeshewa. Papa Jean, foni hii ni ya watu wote ama ni ya bibi huyo?"

Nilikichukua kinasa sauti. "Iliasi, kuna mzazi anatoka damu Kasongo. Nyamaza."

Kisha: "Nimenyamaza. Mungu amusaidie."

Soraya alikuwa ameketi sakafuni, kompyuta yake imefunguliwa juu ya kreti. Aliirudisha tarehe ya mashine yake nyuma miaka mingi ili programu imuulize swali kama lile la Kasongo, akabonyeza. Tone jekundu likatokea. Mstari ukaandika: ninafungua, kisha: ninakagua daftari. Ukakaa hapo. Nami sasa nililiona lile walilokuwa wanaliona wao: picha nzuri, imetulia, inaomba tafadhali.

Alijaribu kuisogeza picha kwa suri, yaani kipanya cha kompyuta. Haikusogea, maana hakuitengenezea mahali pa kushika. Alifikiri, ngumi mdomoni. Kisha akasema kila dirisha lina menyu yake ndogo inayofunguka kwa vitufe, na ndani ya menyu kuna kuhamisha. Alt pamoja na kitufe kirefu, halafu D, halafu mshale wa chini. Alibonyeza. Hakuna kilichotokea. Alibonyeza tena. Hakuna.

Nikasogeza kikombe cha chai kilichokuwa karibu na kompyuta.

"Niligusa picha kwa suri," alisema taratibu. "Nilipoigusa, vitufe vinakwenda kwa picha, haviendi tena kwa swali." Aliiua programu, akaanza upya, safari hii hakugusa kitu. Tone. Mstari. Alt na kitufe kirefu. Menyu ndogo ya kijivu ikajitokeza juu ya tone. D. Akaushikilia mshale wa chini, na chini ya picha, polepole, kikatoka kisanduku chenye maneno na vitufe viwili.

Saa nane na dakika kumi na sita.

"Kasongo, Kasongo! Aristote, muulize Mama Aurélie jambo moja. Aliigusa picha kwa suri? Hata mara moja? Asione haya, aniambie kweli."

Tulingoja. Kama aliigusa, njia hii haikuwepo.

Sauti ya Aristote ilirudi kwa mbali. "Anasema: 'Mutoto wangu, si wewe uliandika nisiguse? Sijagusa hata meza.'"

Soraya alifunga macho. Halafu akaanza kueleza vitufe, lakini kufikia kitufe cha pili sauti ya Aristote ilikuwa imezama. Niligeuza vidude vyote, nikatoka nje nikaangalia waya, nikarudi. Upande wa Kasongo mbingu ilikuwa nyeusi. Kulikuwa na sauti kama mtu anayekaanga kitu, na ndani yake labda neno moja, labda hakuna.

"Kasongo, unanisikia? Kasongo!"

"Hakusikii," ilisema sauti nzito. "Lakini mimi ninamusikia, na wewe pia ninakusikia. Ni Iliasi. Semeni polepole, mimi nitamupitishia."

Soraya alinitazama. Nikamwambia, aendelee.

"Papa Iliasi, rudia kama ninavyosema, usiongeze neno."

"Bibi, mimi ni muuzaji. Leo sitaongeza kitu."

"Mwambie Mama Aurélie ashike Alt, asiachie. Aguse kitufe kirefu cha chini mara moja. Halafu aachie vyote viwili."

Tulimsikia Iliasi akirudia, neno kwa neno, kwa sauti ile ya kuita wateja. Kisha alingoja, na tulingoja naye. "Anasema anaogopa. Anasema karatasi iko mbele ya macho yake."

Soraya alikisogeza kinasa sauti mdomoni kabisa. "Mwambie aliyeandika karatasi ni mimi. Nilimkataza, na leo ninamwambia aguse. Kikiharibika kitu, nimeharibu mimi."

Iliasi alirudia hata lile neno la mwisho. Muda ulipita. Niliandika saa nane na dakika ishirini na moja, nikaona wino umepiga doa kwa sababu kalamu niliisimamisha mahali pamoja.

"Amefanya. Anasema kimetoka kitu kidogo cha kijivu, kina maneno mawili. Déplacer na Fermer." Kuhamisha na kufunga.

"Fermer asiiguse! D. D peke yake, mara moja. Halafu mshale wa chini, aushikilie mpaka aone kitu kinatoka chini ya picha. Kikitoka, aache, asome. Asibonyeze kingine chochote."

Soraya alikuwa amepiga magoti mbele ya redio kama mtu anayepuliza moto.

"Kimetoka," alisema Iliasi. "Anasoma. 'Daftari halikufungwa vizuri. Nirudishe nakala ya tarehe tisa, mwezi wa tatu?' Chini kuna Ya, na kuna Hapana. Ya imezungushiwa mustari."

Lilikuwa lile la nakala.

Soraya alifunika mdomo kwa mkono. Nilikumbuka Aristote na Entrée yake, na sina shaka Soraya naye alikumbuka. Alipoondoa mkono, sauti yake ilikuwa imenyooka.

"Hapana. Jibu ni Hapana. Mshale wa kulia, mara moja. Aangalie mstari umehamia kwenye Hapana, akuambie. Akiona kwa macho yake, ndipo abonyeze Entrée."

"Mustari umehama. Iko kwenye Hapana. ... Amebonyeza."

"Na sasa?"

"Picha iko tu."

"Mstari wa chini ya tone?"

"Unasema, 'Ninahesabu majina'."

Hizo ndizo dakika mbili za siku zote, ambazo mashine ile nzee huzitumia kila siku. Hakuna cha kuharakisha. Iliasi alifungua mdomo mara moja tu: "Kasongo wamenyamaza. Sijui ni mvua ama ni masini."

Halafu: "Picha imeondoka! Daftari limefunguka. Mama anatafuta."

"Papa Iliasi, majina yasisemwe hewani. Hiyo ni damu ya watu."

"Hata mimi sitaki kuyajua, bibi. ... Aristote anasema wote wawili wamepatikana. Mumoja amekuja huku kwetu Salamabila kuchimba dhahabu. Wa pili ni mwanamuke, iko palepale mujini. Pikipiki imetoka."

Saa nane na dakika thelathini na moja.

Kwa kawaida ninafunga saa tisa. Siku ile sikufunga. Soraya alirudi kwenye kreti yake na kuanza kuandika palepale, amri ya kuifanya picha ishuke na kujificha kila mara programu inapotaka kuuliza kitu, na kurudi swali likishajibiwa. Alijaribu, akajaribu tena, kwa maswali yote mawili. Bila kuinua kichwa aliniambia: "Picha niliipima peke yake. Maswali niliyapima peke yake. Sikuwahi kuyaweka pamoja."

Saa tisa na robo Iliasi alituambia kwamba mwanamke yule hakukutwa nyumbani; anauza mawese, na amekwenda kuyachukua shambani ng'ambo ya mto. Pikipiki imemfuata. Saa tisa na dakika hamsini: amepatikana, anakuja. Aliyemfuata alimweleza habari katika sentensi moja, naye akaacha madumu njiani bila hata kuyaficha. Saa kumi na dakika ishirini: amepimwa, ni mzima, damu inatoka kwake. Saa kumi na dakika hamsini, mvua ilipokuwa imetulia, tulimsikia Aristote mwenyewe, sauti nyembamba: "Imeanza kuingia kwa mama. Daktari anasema tusiulize tena mpaka kesho. Presha iko chini sana."

Betri yangu nayo ilikuwa chini. Nikafunga.

Alhamisi Soraya alikuwa mlangoni kabla yangu. Saa mbili kamili nilifungua, na Aristote hakungoja hata niseme jina langu.

"Yuko hai. Alfajiri aliomba uji. Daktari anasema damu imekatika, na mutoto ananyonya."

Soraya alikaa juu ya kreti. Aliniomba nimpe kinasa sauti, na akasema kwa sauti ya mtu anayesoma barua, akijua vizuri kwamba Salamabila na Lusangi na misheni zote zinasikiliza saa ile: "Aristote, andika. Kungoja kwa dakika hamsini na nne si kosa la Mama Aurélie. Picha niliyoitengeneza ililifunika swali. Kosa ni langu, Soraya Amuri. Uipeleke habari hii kwa daktari."

"Imefika kwa wakati, dada. Jana jioni mukurugenzi wa hospitali amemupa Mama Aurélie demande d'explication. Anatakiwa ajibu kwa maandishi, kwa nini alikaa mbele ya masini saa nzima."

"Basi mwambie mkurugenzi barua hiyo aielekeze kwangu. Nitaijibu mimi."

"Mama mwenyewe iko hapa. Anataka kusema."

Kulikuwa na kishindo cha kiti, kisha sauti ya mwanamke, kali, ya mtu asiyeizoea foni na anayedhani lazima apige kelele mpaka Kabambare.

"Soraya! Mutoto wangu! Unarudi lini?"

"Leo, mama. Ninapanda pikipiki sasa."

"Maana masini iko wazi tangu jana. Sikuizima. Nimelala kwenye kiti karibu yake. Nikiizima, kesho ikiniuliza tena, nitafanya nini mimi?"

"Usiizime, mama. Uyaandike kwanza majina yote ya O négatif kwenye karatasi, na mitaa yao. Halafu uende ukalale."

"Na masini?"

"Iache wazi. Nitakuja kuizima mwenyewe, tukiwa wote wawili."

Niliandika: saa mbili na dakika tisa. Kisha nikatoka kwenda kumtafutia mwenye pikipiki anayeijua njia.